Usajili "umekamilika", kisha mchezaji anatua kwingine: jibu langu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, salaam. Umeuliza maswali mawili, ukamtaja na mshambuliaji mmoja ambaye kila ukurasa unasema yuko njiani kutua, na wachangiaji wengi wamelivamia la pili kwa hasira huku la kwanza likipita bila kuguswa. La kwanza ni hili: kwa nini kila dirisha la usajili linapofunguliwa tunaambiwa kwamba mchezaji fulani "amemalizana" na klabu yetu, kisha baada ya juma moja tunamwona ameinua jezi ya klabu nyingine? La pili ni kama mchezaji anayehamia kwa mahasimu anastahili kuitwa msaliti. Nitalijibu la kwanza kwa kirefu kwa sababu nimelionja pande zote mbili. Nimekuwa shabiki wa kubishana kijiweni tangu utotoni, na kwa misimu mitatu nilikuwa katibu msaidizi wa klabu ndogo ya daraja la chini, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa kujaza fomu, kukimbizana na saini na kupiga simu ambazo watu hawakutaka kuzipokea.

Mchangiaji mmoja amesema kwamba waandishi wa tetesi ni waongo na kwamba dawa yao ni kutowasoma. Sikubaliani naye. Katika yale niliyoyaona, tetesi nyingi hazikuwa uongo mtupu. Zilikuwa ukweli wa upande mmoja, uliotolewa nje na mtu mwenye haja yake, kabla upande mwingine haujasema lolote. Shabiki hudanganyika kwa sababu ya neno moja dogo, "wamekubaliana", ambalo husomwa bila kuuliza ni nani na nani.

Mchezaji mwenye mkataba hahami kwa makubaliano mamoja. Klabu mbili hukubaliana kuhusu ada, namna ya kuilipa na masharti yatakayofuata, kwa mfano asilimia ambayo klabu inayouza itapata mchezaji akiuzwa tena. Mchezaji naye hukubaliana na klabu mpya kuhusu mshahara, muda, marupurupu na fedha ya kusaini. Wakala ana mazungumzo yake kuhusu malipo yake, na mazungumzo hayo yamevunja mambo mengi kuliko mashabiki wanavyodhani. Mara nyingi habari inayoanza kuvuja ni ile ya mchezaji na klabu mpya, kwa kuwa ndiyo rahisi kufikiwa: nani atakataa kuongezewa mshahara? Kwa hiyo "mchezaji amekubali masharti binafsi" inaweza kuwa kweli kabisa wakati klabu yake haijapokea hata barua moja ya ofa.

Aliyewahi kutuonyesha jambo hili hadharani ni Peter Odemwingie. Tarehe 31 Januari 2013, siku ya mwisho ya dirisha, alikuwa mshambuliaji wa West Bromwich Albion, na aliendesha gari lake mpaka London, kwenye uwanja wa Queens Park Rangers, akiamini kwamba uhamisho wake unakamilika. Klabu mbili hazikuwa zimekubaliana. Kamera zilimkuta kwenye gari, akaongea na waandishi kwa matumaini, na usiku ule ule akarudi alikotoka. Watu walimcheka sana. Mimi sikumcheka, kwa sababu yeye alikuwa katika hali ile ile ya shabiki anayesoma kwamba "wamekubaliana": alijua upande wake, na akauchukua kuwa ndio jambo zima.

Sasa nikupeleke kijiweni kwetu. Tulikuwa na mzee mmoja, fundi mstaafu, ambaye hakuwa na maneno mengi lakini alikuwa na daftari la mistari lenye jalada gumu. Kila mtu aliyekuja na tetesi aliulizwa mambo matatu: jina la mchezaji, klabu anayokwenda, na wewe umesikia kwa nani. Aliandika majibu pamoja na tarehe, kisha akamtaka msemaji aweke saini yake pembeni. Hiyo saini ndiyo iliyokuwa na kazi. Vijana waliokuja wakipayuka kwamba wana "chanzo cha ndani" walianza kushusha sauti kalamu ilipowafikia, na neno "amesaini" likawa "nasikia anaweza kusaini". Dirisha lilipofungwa, mzee alisoma orodha yote kwa sauti ya taratibu, bila kumdhihaki mtu, akipiga mstari juu ya kila jina lililokwenda kombo. Msimu wa kwanza yaliyotimia hayakufika hata nusu ya ukurasa, wakati daftari lilikuwa limejaa kurasa kadhaa.

Nilipoazima daftari lile, kilichonivutia kilikuwa safu ya "klabu anayokwenda". Majina yaliyohusishwa na klabu sita au saba kwa wakati mmoja yalikuwa karibu yote ya wachezaji ambao mikataba yao ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilipokuwa shabiki tu, nilidhani hiyo ni dalili kwamba mchezaji anatakiwa sana. Nilipoingia katika ofisi ya klabu nikaelewa kwamba mara nyingi ilikuwa dalili kwamba wakala anatafuta mkataba mpya pale pale mchezaji alipo. Wakala mmoja aliwahi kunipigia simu akiniuliza kwa upole kama ningekasirika iwapo gazeti lingeandika kwamba klabu yetu inamfuatilia mchezaji wake. Hatukuwa tukimfuatilia, na hatukuwa na fedha ya kumlipa hata mwezi mmoja. Alitaka jina la klabu yetu lionekane tu, ili viongozi wa klabu ya mchezaji huyo wasilale. Nilikataa, kesho yake yakaandikwa majina ya klabu nyingine mbili.

Tangu siku hiyo, ninapoona tetesi ninajiuliza nani anafaidika mimi nikiiamini. Klabu inayouza hutaka tuamini kwamba wanunuzi wako wengi, na inayonunua hutaka mchezaji aonekane amekwisha kuamua, ili muuzaji apunguze bei akiogopa kubaki na mtu asiye na moyo. Mgombea wa uongozi naye hutaka kura. Mwaka 2000 Florentino Pérez, akiwa mgombea tu wa urais wa Real Madrid, aliwaahidi wanachama kwamba akishinda atamleta Luís Figo kutoka Barcelona. Wengi waliona ni maneno ya kampeni. Alishinda, ada iliyoandikwa katika kipengele cha kuvunja mkataba ikalipwa, na Figo akavaa jezi nyeupe ya Madrid. Kwa hiyo hata maneno ya kampeni hayafai kutupwa bila kupimwa, ingawa nakiri kwamba ningekuwa kijiweni siku zile ningeapa kwamba haiwezekani, na mzee wa daftari angenisainisha.

Kuna hatua mbili ambazo mashabiki huzipita haraka. Ya kwanza ni vipimo vya afya. Wengi huviona kama picha ya mchezaji akiwa kifua wazi, amebandikwa waya na kuinua dole gumba. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema kwamba uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea kufaulu vipimo vya afya wala kupatikana kwa kibali cha kazi. Maana yake ni kwamba klabu ikisaini kwanza kisha ikagundua goti bovu, goti hilo limekwisha kuwa lake. Ndiyo sababu vipimo hufanywa kabla ya kalamu kugusa karatasi, na ndiyo sababu jambo linaweza kufia hapo. Mwaka 2000 Ruud van Nistelrooy alikuwa amekwisha kufikia hatua ya mwisho ya kujiunga na Manchester United kutoka PSV Eindhoven, lakini wasiwasi juu ya goti lake ukasimamisha kila kitu, na siku chache baadaye goti hilo likaumia vibaya mazoezini. United walimsubiri mwaka mzima, wakamchukua mwaka 2001. Mwaka 2009 Aly Cissokho wa Porto alikosa kwenda AC Milan kwa sababu ya meno, akaishia Lyon. Mashabiki waliosoma kwamba wachezaji hao "wamemalizana" hawakuwa wamedanganywa. Walikuwa wameambiwa habari ya jana.

Hatua ya pili ni karatasi zenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipozeeka kabla ya wakati.

Katika uhamisho wa kimataifa, tangu mwaka 2010 klabu zinalazimika kutumia mfumo wa kielektroniki wa FIFA, ambamo kila upande huingiza taarifa zake peke yake, na taarifa hizo sharti zilingane ndipo cheti cha uhamisho wa kimataifa kiombwe na kutolewa. Sisi tulikuwa tukisajili ndani ya nchi tu, katika mfumo wa shirikisho, lakini kanuni ilikuwa ile ile: nikijaza hivi na mwenzangu akajaza vile, mfumo unasimama. Msimu wangu wa pili tulikubaliana kumchukua winga mmoja kijana kwa mkopo, yaani atuchezee kwa muda huku akibaki mchezaji wa klabu yake. Alikuja ofisini jioni ya siku ya mwisho akiwa na begi moja na viatu vyake vya mpira ndani ya mfuko, akakaa kwenye benchi la ukutani, akawa anasubiri. Mpiga picha wetu, kwa haraka ya kijana, alimvisha jezi na kumpiga picha saa mbili usiku. Kufika saa tatu picha hiyo ilikuwa imeenea kila mahali, na mashabiki walikuwa wamekwisha kumpa namba.

Saa nne nilibonyeza kitufe cha mwisho, mfumo ukakataa. Nilikagua jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, saini ya mchezaji, nikaona kila kitu kiko sawa. Nilirudia mara tatu kabla ya kugundua kwamba mwisho wa mkopo tulioujaza sisi ni tarehe 31 Mei, na wenzetu walikuwa wamejaza 30 Juni. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: sisi tulihesabu mwisho wa ligi, wao walihesabu mwisho wa mkataba. Katika mazungumzo ya simu tulikuwa tumesema "mpaka mwisho wa msimu", na kila upande ukaelewa wake. Ningeweza kubadilisha tarehe yangu mara moja, lakini mkataba uliosainiwa na kupandishwa ulikuwa na tarehe ya Mei, kwa hiyo ilibidi ama wao wabadilishe, ama sisi tuandike mkataba mpya na kuupatia saini za watu wanne, mmoja wao akiwa safarini. Nikampigia katibu mwenzangu. Simu iliita, ikakatika, ikaita. Alikuwa amelala, akiwa na hakika kwamba kazi yake imekwisha. Alipokea saa tano na dakika hamsini na mbili, akawasha kompyuta yake, na mpaka anafungua ukurasa ule saa sita ilikuwa imepita na dirisha limefungwa.

Yule kijana alikuwa bado kwenye benchi, na alikuwa bado amevaa jezi yetu. Hakuuliza kitu, alitazama uso wangu tu, akaanza kufungua zipu ya begi.

Juma lililofuata nilikuwa kijiweni na nikasikia habari ya winga huyo ikisimuliwa kwa uhakika wa kutisha: kwamba viongozi walikula fedha ya mkopo, kwamba kocha alimkataa dakika ya mwisho, kwamba kijana alidai nyumba na gari. Msimulizi alikuwa na "chanzo cha ndani". Mimi, niliyekuwa ndani kwenyewe, nilinyamaza, kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa mdogo mno kuaminika. Nani angekubali kwamba usajili umevunjika kwa tofauti ya siku thelathini kwenye kisanduku kimoja? Mzee wa daftari alinitazama kwa muda, kisha akapiga mstari juu ya jina lile bila kusema lolote.

Msidhani kwamba hayo ni ya klabu maskini peke yake. Tarehe 31 Agosti 2015 David de Gea alikuwa anaondoka Manchester United kwenda Real Madrid, na Keylor Navas alikuwa aende Manchester kama sehemu ya mpango huo. Nyaraka zilichelewa, dirisha la Hispania likafungwa, na klabu mbili kubwa kuliko zote zikabaki kutupiana lawama kuhusu nani alituma nini saa ngapi. De Gea alisaini mkataba mpya pale pale alipokuwa siku chache baadaye. Navas naye, aliyekuwa karibu kupanda ndege, alibaki Madrid na kutwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018. Na mwaka 2017 usajili wa Adrien Silva kutoka Sporting ya Ureno kwenda Leicester City ulichelewa kwa sekunde 14. FIFA haikulegea, na mchezaji akakaa bila kucheza mpaka Januari 2018. Nilipoisoma habari ya sekunde 14, nilicheka peke yangu kama mtu aliyepata ndugu.

Nigusie kwa ufupi mabishano ya bei, kwa kuwa wachangiaji wawili wamerushiana matusi kuhusu nani "alinunuliwa ghali" na nani "alikuja bure". Hakuna mchezaji wa bure. Tangu hukumu ya Jean-Marc Bosman katika Mahakama ya Haki ya Ulaya tarehe 15 Desemba 1995, mchezaji aliyemaliza mkataba anaweza kuondoka bila klabu yake ya zamani kudai ada, na kwa kanuni za sasa anaweza kusaini na klabu nyingine ikiwa mkataba wake umebakiza miezi sita au pungufu. Fedha ambayo ingekwenda kwa klabu inagawanyika kati ya mchezaji, kama fedha ya kusaini na mshahara mnono, na wakala wake. Paul Pogba aliondoka Manchester United mwaka 2012 baada ya mkataba kwisha, akaenda Juventus. Mwaka 2016 United wakamnunua tena kwa ada iliyovunja rekodi ya dunia wakati huo. Na mwaka 2022 mkataba ukaisha tena, akarudi Juventus kama mchezaji huru. Klabu iliyompoteza bila ada mara mbili ni ile ile. Ukitaka kumnyamazisha mtu anayejigamba kwamba klabu kubwa zina akili nyingi, mpe mfano huo.

Bei nayo haiingii katika vitabu kwa mkupuo mmoja. Klabu hugawa ada kwa miaka ya mkataba. Chelsea walipomchukua Enzo Fernández kutoka Benfica, Januari 2023, kwa takriban pauni milioni 107, walimpa mkataba wa miaka minane na nusu, hivyo katika hesabu za kila mwaka gharama ilionekana kama pauni milioni 12 na ushei. Kwa mkataba wa miaka mitano ingekuwa zaidi ya milioni 21 kwa mwaka. UEFA waliona mchezo huo, wakaweka ukomo wa kugawa ada kwa miaka isiyozidi mitano kwa usajili uliofuata. Mtu anaposema "wametoa wapi fedha hizi?", mara nyingi jibu ni kwamba vitabu vyao havijazihesabu zote bado.

Na kuna fedha ambayo mashabiki hawaizungumzii kabisa, nami naiona kuwa ndiyo tamu kuliko zote. Mchezaji mwenye mkataba akiuzwa kimataifa, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza 23. Ada ikiwa euro milioni 10, hiyo ni euro 500,000. Klabu aliyokuwa nayo mwaka mmoja kati ya umri wa miaka 12 na 15 hupata euro 25,000 kwa mwaka huo, na ile ya kati ya 16 na 23 hupata 50,000. Mbwana Samatta alipouzwa na Genk kwenda Aston Villa, Januari 2020, hesabu za namna hiyo zilirudi nyuma mpaka klabu alizochezea akiwa kijana. Lakini mgawo huo unategemea kumbukumbu za mchezaji, maarufu kama pasipoti ya mchezaji, na klabu isiyotunza fomu zake huibaini haki yake ikiwa imekwisha kuota mbawa. Nilipoondoka katika ukatibu, zawadi pekee niliyomwachia mrithi wangu ilikuwa kabati moja la majalada yaliyopangwa kwa miaka ya kuzaliwa.

Sasa la msaliti. Nalielewa sana hilo, kwa maana niliwahi kununua jezi yenye jina la mchezaji mgongoni, na baada ya miezi minne alikuwa anashangilia mbele yetu akiwa na rangi za mahasimu. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro, na sikuivaa tena. Sol Campbell alipoondoka Tottenham mwaka 2001 akiwa amemaliza mkataba, akatambulishwa kwa mahasimu wao Arsenal mbele ya waandishi ambao walidhani wameitwa kumwona golikipa Richard Wright, mashabiki wa Tottenham walimwita Yuda, na wako wanaomwita hivyo hadi leo. Figo aliporudi Barcelona mwaka 2002 alirushiwa kichwa cha nguruwe alipokuwa anapiga kona. Maumivu ya namna hiyo hayaponi kwa kuambiwa kwamba mpira ni kazi kama kazi nyingine.

Hata hivyo, mimi hutofautisha kuondoka na namna ya kuondoka. Robert Lewandowski alisaini makubaliano ya awali na Bayern Munich mwezi Januari 2014 akiwa bado mchezaji wa Borussia Dortmund. Kila mtu alijua anakwenda wapi. Alicheza mpaka siku ya mwisho, akamaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 20, na mashabiki wakamuaga kwa machozi. Huyo siwezi kumwita msaliti, hata kama aliniumiza. Anayegoma mazoezi ili auzwe, akavaa jezi ya klabu huku akili yake iko kwenye simu ya wakala, huyo naweza kumkasirikia bila aibu. Na katika kukasirika kwetu tukumbuke kwamba klabu nayo huwatema watu: nimewahi kumkabidhi beki mwenye miaka kumi ya utumishi barua ya kuachwa, mistari minne tu, kwa sababu viongozi walioiandika hawakutaka kumtazama usoni. Kijiweni siku ile hakuna aliyetamka neno usaliti. Walisema alikuwa amechoka.

Kuhusu yule mshambuliaji uliyemtaja, ambaye kila ukurasa unasema atatua "ndani ya saa 48", nimejaribu kumpitisha katika maswali ninayoyatumia. Mkataba wake umebakiza muda gani? Kama ni zaidi ya miezi sita, klabu yake lazima ihusishwe, na mpaka sasa sijaona neno lolote kutoka kwao. Amefanya vipimo? Picha iliyosambazwa ya uwanja wa ndege, ukiitazama vizuri, amevaa koti zito, wakati huku na huko alikotoka ni msimu wa joto, kwa hiyo nadhani ni ya miezi mingi iliyopita. Na habari yenyewe imeanzia kwa nani? Hapo nimekwama, kwa kuwa kila ukurasa unautaja mwingine, na nikifuata nyuma narudi pale pale nilipoanzia. Mzee ameniachia daftari siku hizi, macho yake yamechoka. Ukiwa tayari kuweka saini, nitaandika jina la mchezaji huyo, tarehe ya leo na jina lako pembeni.